Mwaka wa Kumpima Shefu

Tulimzika Shangazi Zaituni wiki tatu zilizopita, na siku za matanga nilikaa uani na wanawake wenzangu nikiwasikiliza wakimsifu. Mmoja akasema marehemu alikuwa mkali lakini mwenye huruma, hakuna mtu aliyeingia kwake na njaa akatoka nayo. Mwingine, anayeuza dagaa pale Kibirizi mpaka leo, akasema mizani ya Bi Zaituni ilikuwa imenyooka, ukishapima kwake huna haja ya kupima kwingine. Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Hawakusema uongo. Walisema kweli, ila kweli hiyo ina mwaka ilioanzia, na mwaka huo naujua mimi, maana nilikuwepo, msichana wa miaka kumi na saba, na katikati ya jambo lote alikuwepo paka mzee aliyekuwa akinywa maji kupita kiasi. Wajukuu zangu nikifika kwenye paka huanza kucheka. Basi sasa naandika, wacheke wakisoma.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi kukimbia vita kwao. Nyumba ya Shangazi ilikuwa Buzebazeba, vyumba vinne mbele na viwili uani, na upande wa barabarani banda la mabati ambalo humo alinunua dagaa wakavu kutoka kwa wanawake wanaoanika mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Nilipokea, nilipepeta mchanga, nilipima, nilishona magunia yaliyopanda treni. Shule niliachia darasa la tano, na sioni haya kusema, lakini mizani nilijua kuisoma kuliko wengi waliomaliza. Ilikuwa mizani ndogo ya kutundika, uso wake wa duara kama saa, na pale juu penye sifuri rangi ilikuwa imebanduka ikabaki kutu tupu. Hakuna aliyejali. Mshale ulitoka kwenye kutu, ukapita kilo moja, mbili, tatu, tukasoma pale uliposimama. Nyumba nzima mwaka ule ilijaa watu. Sebuleni walilala akina mama watatu na watoto wao, barazani familia moja kutoka ng'ambo, na kila asubuhi Shangazi aliteleka sufuria la uji ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto, na hakuna aliyepita mlangoni amekonda akaachwa apite hivyo hivyo. Ndivyo tulivyokuwa tukiwapima watu siku zile, kwa mifupa ya mabega. Ukiiona, unakwenda kuchota uji.

Bibi Perpetua alishuka na mtumbwi wa injini akiwa na kikapu chenye kifuniko, amekikumbatia. Sisi tulidhani ni nguo. Shangazi alimfahamu, kwa sababu kabla ya vita yule bibi alikuwa akija kununua dagaa zake na kurudi nazo kwao Rumonge. Akampa chumba kimoja cha uani, akamwambia, Dada, hapa ni kwako. Ndipo kikapu kikafunguliwa akatoka paka wa rangi ya jivu, kichwa kikubwa kama ngumi mbili, sikio moja limechanika. Jina lake Shefu, maana yake kwao mkuu. Alikuwa wa marehemu mume wa Bibi Perpetua, na mume alipokufa paka akakalia kiti chake na hakushuka tena, majirani wakaanza kumwamkia kwa cheo. Miaka kumi na miwili alikuwa nayo. Watoto wa Bibi Perpetua walitawanyika njiani, mmoja huku mwingine kule, na habari zao zilikuja vipande vipande. Huyu paka ndiye pekee aliyefika naye. Shangazi alimtazama Shefu, Shefu akayatazama magunia ya dagaa. Hakuna mfanyabiashara wa dagaa anayependa paka. Shangazi akasema atakaa, lakini yeye hatamgusa, na akikanyaga bandani atakiona cha moto. Bibi Perpetua akajibu, "Ego," ndiyo ya kwao, na neno hilo likaenea nyumba nzima mpaka na Shangazi akawa analitumia anapotania.

Miezi ya mwanzo Shefu alikuwa mnene. Kisha akaanza kukonda, na kila aliyeona mifupa ya mgongo wake alifanya kile tulichokuwa tukiwafanyia watu. Mimi nilimpa uji asubuhi, uji wenye sukari, kwenye kifuniko cha kopo. Mama mmoja wa sebuleni alimpa ugali uliolowekwa kwenye chai ya maziwa. Wa barazani alimpa wali. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayemhurumia. Na Shefu, mzee wa watu, alikula kote, akashukuru kote, akazidi kukonda. Maji sasa. Alikunywa kwenye beseni la vyombo, alikunywa kwenye kata ya mtungi, siku moja nikamkuta amesimama juu ya ndoo anakunywa kama ng'ombe. Haja ndogo alikwenda kwenye lundo la jivu nyuma ya jiko, mara kwa mara, mpaka jivu likawa tope. Bibi Perpetua macho yake yalikuwa na ukungu, haoni vizuri zaidi ya hatua tatu, lakini siku moja akaniita pale jivuni akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona sisimizi. Wamejipanga mstari kutoka ukutani mpaka pale alipokojoa Shefu, wameparamia kama mtu kamwaga soda. Bibi akakaa chini polepole. Akaniambia hivyo hivyo ndivyo sisimizi walivyokuwa wakija chooni kwao mwaka ule mumewe alipoanza kuugua sukari.

Bwana mifugo alikuwa akikaa Katubuka. Tulikwenda kwa miguu, kikapu kichwani kwangu, Shefu ndani analalamika njia nzima, na watu wakiuliza tumebeba nini. Mwanamume mmoja akasema binadamu wenyewe hawana dawa, nyie mnampeleka paka hospitali. Nikamwambia binadamu gani, wewe, mbona una afya ya kusimama njiani kuuliza vikapu vya watu. Bibi Perpetua akanifinya ninyamaze. Bwana mifugo alikuwa mtu mpole, mrefu, ana harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alicheka kwanza, kisha alipoona hatucheki akaacha. Akamfungua Shefu mdomo akatazama meno, akamminya tumbo, akatupa kidonge cha minyoo. Mkojo akasema tuukinge nyumbani: tumfungie chumbani na beseni lenye changarawe safi iliyooshwa, maana changarawe hainywi mkojo, utashuka chini tuumimine kwenye chupa. Tulifanya hivyo. Shefu alitutazama kwa dharau ambayo sikuiona tena mpaka nilipoolewa. Kesho yake bwana mifugo akachovya kijikaratasi alichokipata zahanati, rangi ikageuka kidogo tu. Akatuambia sukari imepanda lakini haijafika kwenye ugonjwa wenyewe, iko njiani, na aliye njiani anaweza kurudishwa. Sindano za sukari kwa paka hana, hata watu hawazipati. Ila dawa ipo: asile unga wa aina yoyote. Uji marufuku, ugali marufuku, wali marufuku, chai ya maziwa marufuku kabisa. Apewe samaki kidogo kidogo mara nne kwa siku. Tupime maji anayokunywa. Na kila Ijumaa, kabla hajala, tumpime uzito, mizani ile ile, kikapu kile kile, tuandike.

Mkisikia mtu anasema kumnyima mtu chakula ni kazi rahisi, mwambieni aje aniulize mimi. Nilizunguka nyumba nzima nikiwakataza watu kumpa Shefu unga, na walinitazama kama mchawi. Mama wa sebuleni, aliyempenda mno, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli tumeamua kumuua kwa njaa ili tupunguze midomo. Nikamwonyesha sisimizi. Tangu hapo akawa askari wetu, mtoto akidondosha tonge la ugali analiokota kabla Shefu hajageuza shingo. Samaki walikuwepo. Asubuhi wavuvi wakirudi nilikwenda mwaloni na kopo, nikarudi na dagaa wabichi wanaong'aa. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi hawatoki maana taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, basi tukawaloweka wakavu wasio na chumvi mpaka walainike, au nikamchemshia kichwa cha samaki mgebuka. Shefu alikuwa anachagua. Dagaa wa jana anamnusa anakwenda zake. Bibi Perpetua alikaa naye kizingitini, akimlisha mmoja mmoja, akimweleza kwa Kirundi habari za watu waliofariki na waliooa, na yeye anasikiliza akitafuna. Mimi nilipenda kukaa pale. Kwetu tulikuwa wengi na hakuna aliyekuwa na muda wa kumweleza mtu mmoja habari ndefu. Pale nilijifunza kusuka vikapu, nilijifunza kunyamaza, na nilijifunza kwamba mtu anaweza kupoteza karibu kila kitu na bado akawa na ratiba.

Baada ya mwezi mmoja sisimizi walikwisha. Maji yakapungua, kopo lililokuwa likiisha adhuhuri likawa linafika jioni. Kijikaratasi kikachovywa tena, rangi haikugeuka. Tulifurahi. Lakini mizani ilisema mengine. Ijumaa ya kwanza Shefu na kikapu chake walikuwa kilo nne na nusu. Wiki chache baadaye nne. Ikaja tatu na nusu. Kisha tatu. Kila Ijumaa nilichora mkaa nyuma ya mlango wa Bibi Perpetua, na kila Ijumaa mstari ulishuka. Macho yangu yaliniambia paka amepata manyoya mapya, anaruka ukuta, jana kampiga kofi jogoo wa jirani. Mifupa bado ilionekana, ni mzee, lakini haikuwa kama mwanzo. Nikamwambia Bibi. Akanijibu macho yake hayaoni na yangu yanapenda, bora tuamini mizani, mizani haina upande. Nikaenda Katubuka. Bwana mifugo alikuwa anawahi ng'ombe wa watu, hivyo paka nilimwacha nyumbani nikampelekea namba tu, na hilo ni kosa langu, sitamtupia mtu mwingine. Alizisoma namba amesimama. Akasema sukari imeshuka, minyoo hana, chakula anakula, na bado kilo zinayeyuka, basi kuna kitu ndani kinamla, uvimbe labda, na wanyama huficha maumivu. Akasema kama ni wake yeye asingemwacha afike kwenye kulia. Jumatatu angepita Buzebazeba, angekuja na sindano ya kumpumzisha. Nilimfikishia Bibi Perpetua maneno hayo neno kwa neno. Alipitisha mkono mgongoni mwa Shefu, toka shingoni mpaka mkiani. Kisha akasema, "Nilimtoa kule nikamleta huku ili asife vibaya. Na afe vizuri."

Jumamosi nikaamua kudanganya. Nilikuwa mtoto, na nilimpenda yule bibi. Nilitaka wampime Jumatatu mbele ya bwana mifugo, mshale upande, waseme kumbe anapona, wampe mwezi mwingine. Nikaazima jiwe la chuma la kilo moja kwa muuza mchele wa ng'ambo ya barabara, nikapanga kulishonea chini ya kitambaa cha kikapu. Banda lilikuwa tupu, Shangazi kaenda mwaloni. Kabla ya kushona nikalitundika jiwe peke yake, nione mshale utaruka kiasi gani. Mshale ukatikisika kwenye ile kutu, na haukutoka. Haukufika hata mstari wa kwanza. Nikalitoa, nikalirudisha. Nikadhani mizani imekwama. Nikakimbia kuazima jiwe la kilo mbili. Mshale ukatoka kwenye kutu kwa shida, ukasimama chini ya kilo moja. Nikapita nyuma ya mizani, nikaona ile skrubu ndogo inayorekebisha sifuri, kichwa chake kinang'aa kwa kukwaruzwa kisu, vyuma vyote vinavyoizunguka vimeshika kutu isipokuwa yenyewe. Kilo nzima na ushee ilikuwa ikimezwa pale palipobanduka rangi. Na haikuanza siku moja. Skrubu ilikuwa ikizungushwa kidogo kidogo, kadiri wanawake walivyoongezeka, na kila ilipozungushwa Shefu akasomeka mwepesi. Wengi wao walikuwa Warundi. Bibi Perpetua mwenyewe alikuwa akianika dagaa na kuja kuzipima pale, kwenye mizani niliyokuwa nikiisoma mimi, kwa sauti, kwa majivuno yangu yote.

Nilikaa na hilo mpaka Jumapili mchana. Nikisema, Bibi Perpetua anajua, na akijua hawezi kulala tena chini ya dari lile, atachukua kikapu chake aende kambini kwa wakimbizi. Na Shangazi ataaibika, yeye aliyewatandikia watu mikeka. Nisiposema, kesho saa tatu Shefu anachomwa sindano. Shangazi alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia Shangazi, jiwe la kilo mbili linasoma chini ya moja. Hakugeuka. Mwiko ukaendelea kuzunguka.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Ila kesho wanamuua Shefu."

"Paka mzee yule. Angekufa tu."

"Angekufa kwa ugonjwa, sawa, Shangazi. Huyu anakufa kwa skrubu."

Hapo aligeuka. Alinisema sana. Aliniuliza nadhani unga unaoingia kwenye lile sufuria kila asubuhi unadondoka mbinguni, na nguo alizowavisha watoto wa sebuleni kazishona nani, na huyo Bibi Perpetua chumba analipa nini. Aliongea mpaka sauti ikakauka, na mimi nikisikia kwamba hanijibu mimi, anamjibu mtu aliyekuwa akimuuliza siku nyingi. Nilijua anatoa. Sikuwahi kujiuliza anatoa wapi. Alipotulia nikamwambia kesho nitalitundika lile jiwe mbele ya watu. Akaniuliza, "Utathubutu?" Nikamwambia, "Nitathubutu." Sauti ilitoka imesimama, na mpaka leo najivunia sauti ile. Ugali ulipoa sufuriani, hakuna aliyekula.

Jumatatu wanawake walikuwa wamejipanga na madebe yao kama kawaida. Bwana mifugo akaja na mkoba. Bibi Perpetua akatoka chumbani na kikapu, amevaa kitenge chake kizuri, Shefu ndani amenyamaza. Jiwe nilikuwa nimelificha kwenye kanga kiunoni, linaniumiza ubavu. Kabla sijafungua mdomo Shangazi akapita mbele yangu, akasema, "Mpimeni kwanza," akakipokea kikapu kwa mikono yake, yeye asiyemgusa paka, akakitundika. Mshale ukatoka kwenye kutu ukaenda, moja, mbili, tatu, nne, ukasimama ukitikisika kwenye nne na robo. Bwana mifugo akatazama karatasi yake, akatazama mizani, akamtoa Shefu akampapasa kila mahali. Akasema huyu hajakonda tangu alipoacha unga, ila ile nyama ya mwanzo tu iliyoondoka na sukari. Akaniuliza nilisomaje namba zangu. Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

"Mtoto alisoma vizuri. Mizani ilikuwa na kasoro. Nimeirekebisha leo alfajiri."

Wanawake wakatazamana. Mmoja, Mama Siwema, mdomo wake haukuwa na kufuli, akauliza kasoro ya tangu lini. Shangazi angeweza kusema tangu juzi. Akasema tangu mvua za mwanzo. Nikaona mama mmoja anayainua madebe yake na kuyashusha, anahesabu kichwani. Hawakupiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Mwezi mzima walikuja bandani wakaiamkia mizani badala ya mwenyewe, shikamoo mizani, umeamkaje mizani, na Shangazi akaitikia marahaba, akawajazia kilo juu ya kilo mpaka walipochoka kuamkia. Wawili hawakurudi kabisa, na haki yao.

Lakini asubuhi ile yenyewe, bwana mifugo alipofunga mkoba wake na wanawake waliposogea pembeni, Bibi Perpetua alikuwa bado amesimama mbele ya Shangazi, karibu kabisa, ili aone uso wake.

"Na mimi ulinipima hivyo hivyo, Zaituni?"

Shangazi hakutafuta neno refu. Akasema, "Ego."

Nilidhani bibi atakwenda kufunga virago. Alimpandisha Shefu begani. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha banda, pale pale paka alipokatazwa kukanyaga, akamweka Shefu miguuni. Akasema Shefu hajala tangu jana, tulimfungisha kwa ajili ya sindano. "Mlishe," akamwambia Shangazi. "Wewe mwenyewe. Na kesho wewe, na kesho kutwa." Shangazi akavuta kigoda, akakunja buibui lake, akachota dagaa kwenye kopo akamnyooshea mmoja kwa vidole viwili, mkono umekazwa kama anamlisha chui. Shefu akamnusa dagaa yule. Alikuwa wa jana. Akageuza kichwa. Shangazi akamtazama Bibi Perpetua, na Bibi Perpetua akatazama barabara. Basi Shangazi yangu, mwanamke ambaye Buzebazeba nzima ilikuwa ikimpisha njia, akainuka, akachukua kopo, akavaa kandambili zake, akaenda mwaloni kumtafutia paka dagaa wabichi.